Yule bosi wa "pumu ya ngozi ni uvivu" leo kapokea ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi) kwa TISHU!

Chungu cha Moto
Wakuu, mnamjua, msinitajishe jina. Asubuhi hii kapokea ED ya dada wa kuosha vyombo kwa tishu. Tishu! Kaishika ncha kama mkia wa panya aliyeoza, halafu mbele ya jiko zima: "Pumu ya ngozi ni uvivu uliopakwa mafuta."

Haiambukizi, hata umlambe huyo dada kiganja! Maji, sabuni na klorini zamu nzima vinakomba mafuta ya ngozi, vidole vinapasuka kwenye viungo, kila kuchovya ni ndimu kwenye kidonda. Mikono kuloa zaidi ya saa 2 kwa siku tayari ni hatari, yeye anampanga saa 9. Glavu kanunua za mpira tupu, bila za pamba ndani. Jasho linajaa humo, mikono inachemka kama mtori. Usiku muwasho, usingizi hakuna, asubuhi anakabidhiwa visu.

Na bado, TISHU. Ile ni karatasi jamani, karatasi ina pumu?

Mzee wa Vifungu
Punguza jazba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004: siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36. Za kwanza 63 mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Sharti cheti cha daktari aliyesajiliwa. Ugonjwa huu hulipuka na kutulia, siku mbili leo, tatu mwezi ujao, kwa hiyo ziandikwe zote. Toa kopi ya ED, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Bichwa Maji
Muhuri ataugonga kwa tishu 😂😂

Chungu cha Moto
Umeona eeh! Vidole viwili, hivi, kama anatoa nywele kwenye supu!

Kisu Butu
Mleta mada unalilia tishu, wauza dawa je? Kila muwasho klobetasoli, ile krimu kali ya steroidi. Ukipaka miezi, ngozi inakuwa kama karatasi ya sigara. Kipimo ni mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza, kama nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Watu wanapaka kama siagi kwenye mkate. Mafuta mazito ndiyo ya kupaka bila uchoyo, kila ukishakausha mikono.

Mama Saluni
Afadhali nyie. Rangi nyeusi ya nywele ina PPD, kemikali ya kutia weusi. Mwili ukishaikataa, ndiyo basi, hata miaka kumi baadaye ukigusa unaumuka. Msusi anaikoroga bila glavu!

Bichwa Maji
Na piko?

Mama Saluni
Piko nyeusi ya haraka ni hiyohiyo. Hina halisi ni kahawia.

Kisu Butu
Basi nusu ya maharusi wa mji huu wana kesi.

Chungu cha Moto
Jamani, uzi wangu ni wa TISHU.

Bichwa Maji
Mama Saluni, hiyo hina halisi kilo bei gani?