Nakatwa 780 kila mwezi ya nyumba, na paa langu limefungwa kwa kamba

Jameni, nimepanda kilima ndiyo nipate netiweki ya kuandika haya, kwa hivyo mtanisamehe nikiruka huku na huku.

Mimi ni mwalimu, kaunti ya Marsabit, upande wa Loiyangalani. Mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 52,000. Kwenye karatasi ya mshahara kuna mstari unaosema ada ya nyumba za bei nafuu: 780. Ni asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Novemba 2023 korti ilisema makato yale hayakufuata katiba. Machi 2024 ikapitishwa sheria mpya, mstari ukarudi. Haya, nalipa. Nataka tu mtu aniambie hiyo nyumba ninayoilipia inajengwa wapi, na nani atalala ndani.

Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, mabati juu, mabati kando. Saa saba mchana huwezi kugusa komeo la mlango bila kitambaa. Usiku upepo unapita kati ya milima ya Kulal na Nyiru kama lori lisilo na breki. Misumari imelegea, nimepanga mawe juu ya paa, halafu nimepitisha kamba ya nailoni na kuifunga kwenye ringi ya lori niliyoifukia nusu mchangani. Usiku kamba ikianza kulia najua kumekucha mapema. Wanafunzi wangu asubuhi hawaniulizi nimelalaje. Wananiuliza, "Mwalimu, paa limelala?"

Sasa sikilizeni. Upepo huohuo unaong'oa misumari yangu ndio unaozungusha ile mitambo 365 ya kufua umeme, megawati 310. Ilipohitaji kuletwa, barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa, ikapitika. Nyaya zikavutwa zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa kule kusini, na tangu 2018 stima inakwenda zake huko. Hapa shuleni tuna sola moja, na kazi yake kubwa ni kuchaji simu ya mwalimu mkuu. Siwachukii waliojenga mitambo. Ila sasa najua barabara ya huku huwezekana, inategemea inambebea nani mzigo.

Turudi kwa nyumba. Najua mtasema jiandikishe Boma Yangu, ile tovuti ya serikali ya kuomba nyumba hizi. Nilijiandikisha. Nikachague ghorofa ya mji gani na mimi nafundisha hapa? Hata zikijengwa Marsabit mjini, ni zaidi ya kilomita 200 kutoka darasani kwangu. Basi nikasikia sheria mpya ina mkopo wa nafuu kwa mtu anayetaka kujijengea kijijini. Nikafurahi kama mjinga. Nilipokwenda kuulizia, kitu cha kwanza nilichoulizwa ni hati ya shamba.

Hati! Ardhi ya huku ni ya jamii. Zamani ilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti ya enzi hizo, eti yanatushikia kwa niaba yetu. Ikaja Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kwamba jamii ijisajili yenyewe, iwe na orodha ya watu wake, kamati yake, mipaka yake. Huku kwetu usajili huo tunausikia kwenye mikutano ya chifu tu. Kwa hivyo mtu ambaye babu yake amezikwa pale nyuma ya boma hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba pale ni pake. Aliyetunga masharti ya huo mkopo alikuwa anawaza shamba la ekari mbili lenye seng'enge na mti wa parachichi mlangoni. Hakutuwaza sisi hata kidogo. Na 780 yangu anaichukua bila kuniuliza hati.

Kuna ndugu yangu mdogo pia. Alifikisha miaka 18 mwaka 2024. Kitambulisho huku mpakani kilikuwa na kamati ya wazee ya kuthibitisha kwamba wewe ni Mkenya kweli, wakati mwenzako wa Nyeri anapeleka tu cheti cha kuzaliwa. Februari 2025 Rais akiwa Wajir akatangaza mchujo huo umekwisha. Tulishangilia, sikatai. Kijana akaenda kujiandikisha, akaambiwa mtambo wa picha umeharibika, arudi mwezi ujao. Akarudi. Akaambiwa arudi. Ikafika ile ruzuku ya vijana ya shilingi 50,000 ya mradi wa NYOTA, maombi kwa simu na kitambulisho. Wiki ile hiki kilima kilijaa vijana, simu moja watu wanne, chaji imelipiwa shilingi 20 dukani. Yeye alikuwa hapa akiwashikia wenzake simu. Ana wazo la biashara kuliko wote, anataka friji ya sola ya kuhifadhi samaki wa ziwani. Mwaka huu wote amekuwa akichunga mbuzi wa mjomba.

Zahanati sitaki hata kuanza. Nesi mmoja, akienda likizo imefungwa.

Halafu mtu anakuja kusema kaskazini inapewa pesa nyingi, kuna Hazina ya Usawazishaji. Soma kifungu cha 204 cha katiba ya 2010. Nusu asilimia ya mapato ya serikali kuu, kwa maji, barabara, afya na umeme wa waliotengwa. Nusu! Na inapigiwa hesabu za zamani, zile za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge, si mapato ya mwaka huu. Sera ya kwanza ya kuigawa ilitaja kaunti 14, sisi tukiwemo. Ya pili ikatandazwa hadi kaunti 34. Sisemi maskini wa huko kwingine si maskini, lakini mkate ni uleule na wakataji wameongezeka. Kibaya zaidi, hazina yenyewe ilipewa umri wa miaka 20. Ni 2030 hiyo, Bunge lisipoongeza muda. Yaani kiraka cha waraka wa serikali wa 1965, ule Namba 10 ulioamua pesa ziende kwenye mvua na rutuba ndiko zitazaa haraka, kinakwisha muda kabla hakijafika kijijini kwangu.

NYONGEZA: Naona tayari mmoja ameandika "hamia mjini basi, nani kakulazimisha". Ndugu, nina watoto 61 darasani. Mwalimu aliyekuwa kabla yangu alihama hivyohivyo, wakakaa muhula mzima bila hesabu. Na huyo anayesema mbunge wetu ndiye wa kulaumiwa, nakubali, lakini si yeye anayekata 780.

Ninachotaka kwenu ni kitu kimoja. Kama kuna mtu yeyote wa Marsabit, Turkana, Mandera, popote huku, aliyepata ule mkopo wa kujenga kijijini bila hati, aniambie alipitia mlango gani. Msinitume kwenye tovuti. Kesho jioni nitapanda tena hapa nisome majibu.