Tupeane uzoefu: kubadilisha pesti ya prosesa kwenye laptopu iliyokula chumvi

Mpemba wa Bara: Wakuu, habari za jioni. ThinkPad T480 yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, hunguruma kila nikifungua majedwali ya kazi, na programu ya kupima joto inaonyesha prosesa (kile kipande kinachofanya hesabu zote za mashine) ikifika nyuzi joto 97 kisha ikijipunguzia kasi yenyewe. Jirani anasema pesti ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na bamba la shaba linaloipoza, itakuwa imekauka. Mliowahi kuibadilisha, naomba uzoefu wenu kabla sijashika bisibisi.

Binti Chuda: Umenikumbusha mbali. Yangu ilipofunguliwa, pesti ilikuwa imegeuka ukoko wa kijivu unaobanduka kwa ukucha, na katikati ya prosesa palikuwa peupe kabisa, kwa kuwa iliyobaki ilishasukumwa pembeni. Nilifuta kwa spiriti ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa manyoya, nikapaka pesti mpya ya Arctic MX-4, na tangu siku hiyo naiweka mapajani bila kuungua.

Kombo: Naunga mkono hoja ya dada.

Fundi Mkavu: Pesti inasingiziwa bure. Nyingi ninazoletewa zimezibwa na vumbi lililogandamana kati ya feni na yale mapezi ya kutolea joto, na mwenyewe hulioni mpaka uitoe feni. Safisha hapo kwanza, na unapopuliza hewa uzuie feni kwa kidole isizunguke ovyo.

Mama Wawili: Ngojeni niwasimulie. Mdogo wangu alikuwa anamalizia tasnifu, laptopu ikawa inajizima yenyewe, akaipeleka kwa fundi mmoja aliyemhakikishia kwamba pesti za kawaida zimepitwa na wakati na kwamba yeye anatumia metali ya majimaji. Kweli, usiku ule ilikuwa baridi kama mtungi. Baada ya wiki chache ikazimika katikati ya sentensi na haikuwaka tena. Fundi mwingine alipoifungua alikuta vitone vinavyong'aa vilivyomwagikia vile vipande vidogo vidogo vinavyoizunguka prosesa, na kwa kuwa kitu kile kinapitisha umeme, mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, ilikuwa imekufa. Yule wa kwanza tulipomrudia alituambia tuliitikisa! Tasnifu iliokolewa kwa kuwa diski ilikuwa nzima, lakini binti alilia mpaka akavimba macho.

Kombo: Poleni sana, mama. Huyo fundi yuko mtaa gani?

Injinia Mvita: Tusiilaumu metali yenyewe. PlayStation 5, ile mashine ya michezo ya Sony, imetoka nayo kiwandani tangu 2020, ila wao waliizungushia kizuizi isivuje.

Fundi Mkavu: Hapo umejijibu mwenyewe, injinia. Laptopu hii haina kizuizi. Tena ndani ya metali hiyo mna galiamu, ambayo ikigusa alumini huila mpaka ikamomonyoka.

Injinia Mvita: Bamba la T480 ni la shaba, siyo alumini. Soma kwanza ndipo ubishe.

Fundi Mkavu: Mimi nafungua mashine kila siku, wewe unasoma.

Ndugu Mpole: Wakubwa, mwenye mada anasubiri. Je, ni kweli kwamba dawa ya meno inafaa?

Binti Chuda: Inafaa mpaka maji yake yakauke, na kwa joto lile hayachelewi. Iache kwa ajili ya meno.

Injinia Mvita: Rudi kwenye mada. Weka tone dogo la pesti katikati ya prosesa, kisha bamba lenyewe litalitandaza.

Fundi Mkavu: Usimsikilize. Prosesa ya laptopu haina kifuniko cha chuma kama ya kompyuta ya mezani, hivyo kona ikibaki wazi inapata joto kupita kiasi. Itandaze yote kwa kipande cha plastiki.

Kombo: Mimi niliweka nyingi mpaka ikafurika pembeni, na mashine inafanya kazi hadi leo.

Binti Chuda: Mwenye mada, T480 ina betri mbili. Ukichomoa ile ya nyuma, ya ndani bado inatoa umeme, kwa hiyo ingia kwanza kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa mashine inapowaka, kabla ya Windows) uizime. Skrubu za bamba uzikaze kidogo kidogo kwa kupokezana mshazari, usiimalize moja kabla ya nyingine.

Mpemba wa Bara: Hilo la betri ya ndani jirani hakulitaja. Nafungua Jumamosi. Kariakoo nitapata wapi MX-4 isiyo feki?

Fundi Mkavu: Njoo kwangu.

Mama Wawili: Muulize kwanza anatumia nini!