Kitabu cha Jeff Chang: kilistahili sifa zote zile, au wahakiki walizibwa macho na jina la Kool Herc?

Mchokonozi: Wadau, heshima kwenu. Nimemaliza Can't Stop Won't Stop cha Jeff Chang, kile cha 2005. Wahakiki Marekani walikimwagia sifa, kikabeba American Book Award, na mpaka leo ukiuliza historia ya hip-hop unatupiwa hicho kabla ya salamu. Swali langu: hii ni historia ya hip-hop, au ni historia ya siasa za miji ya Marekani huku muziki ukisikika kwa mbali? Barabara kuu ya Robert Moses, yule mpangaji wa jiji la New York, iliyoipasua Bronx, eneo la jiji hilo, imo. Magenge yamo. Ghasia za Los Angeles za 1992 zimo, tena kwa kirefu. Miji ya Kusini mwa Marekani je, Houston? Memphis? OutKast, kundi la Atlanta, walizomewa New York kwenye tuzo za jarida la The Source 1995, André, mmoja wao, akawaambia palepale kwamba Kusini nayo ina la kusema. Miaka kumi baadaye kinatoka kitabu kinene hivi na Kusini bado inaonjeshwa tu. Halafu utangulizi kaandika Kool Herc mwenyewe, yule DJ wa Bronx anayeitwa baba wa hip-hop! Hiyo ni sawa na mshitakiwa kumwandikia hakimu hukumu.

Santuri77: Ulikuwa unaenda vizuri, mwisho ukaharibu. Herc mshitakiwa wa kosa gani? Mtu aliyepiga muziki kwenye sherehe ya Agosti 11, 1973 pale 1520 Sedgwick Avenue, inayotajwa kuwa mwanzo wa hip-hop, akatoa Kingston, Jamaika alikozaliwa, utamaduni mzima wa spika kubwa na kuupanda Bronx, leo anaitwa mshitakiwa na mtu aliyesoma kitabu kimoja?

Mchokonozi: Mkuu, hoja yangu ni Kusini.

Santuri77: Hoja yako ni kumchafua mzee.

Kalamu Kavu: Ngoja kwanza. "Akatoa Kingston"? Hii ngano itaisha lini? Herc alifika Bronx 1967, mtoto wa miaka 12. Na yeye mwenyewe aliwahi kuwaambia waandishi wa zamani kwamba uhusiano kati ya rap na wale waghani wa Jamaika haupo. Reggae Bronx ilikuwa haichezeki. Alichokitaja kuwa chimbuko ni James Brown, mwimbaji wa funk, na Hustlers Convention, albamu ya mashairi ya kughani. Sasa nani anamjua Herc zaidi, wewe au Herc?

Santuri77: Kijana wa Bronx miaka ile alificha lafudhi ili asichekwe, unategemea akiri nini mbele ya mwandishi? Soma hicho kitabu, anasimulia dansi za Kingston alizozichungulia utotoni. Spika zile, mwangwi kwenye kipaza sauti, kuwatajataja majina watu waliofika: hivyo aliviokota wapi, kwa James Brown?

Kalamu Kavu: Spika zilikuwa za baba yake, na alizikuta Bronx. Halafu tuje kwenye ufundi maana naona tunaongea kishabiki. Jamaika "deejay" ni mghani, si mpiga santuri, na anaghani juu ya upande wa pili wa santuri, ule usio na sauti ya mwimbaji, ulioandaliwa studio kwa kazi hiyo. Herc hakuwa na kitu kama hicho. Alikuwa na santuri za funk zenye kipande kifupi cha ngoma tupu, akaona wachezaji wanakisubiri hicho tu, akachukua nakala mbili za santuri moja na kukirudisha tena na tena. Hilo ni wazo la Bronx. Bila hilo hakuna hip-hop, hata ulete spika ukubwa wa ghorofa.

Bi Mdundo: Kaka zangu mnagombania sherehe ambayo hata haikuwa ya Herc. Ilikuwa ya dada yake, Cindy Campbell. Yeye ndiye aliyekodi ukumbi na kupanga kiingilio, senti 25 wasichana na 50 wavulana, apate nguo za kufungulia shule. Herc alikuwa DJ wa dada yake. Mkitaka kuwasema wahakiki, semeni hapo: wanawake waghani kama kina Sha-Rock walikuwa kwenye kipaza sauti kabla hip-hop haijaingia kwenye santuri, na ni mhakiki yupi aliyeuliza wako wapi?

Santuri77: Dada, hilo ni la pembeni kidogo.

Bi Mdundo: La pembeni kwako. Aliyelipia ukumbi awe pembeni, aliyebeba spika awe baba wa taifa. Endeleeni.

Mchokonozi: Jamani, Chang ametoa sura nzima kwa Jamaika. Sura nzima! DJ Screw wa Houston, aliyejulikana kwa kuzipunguza kasi santuri, hana. Mnanisaidia hoja bila kujua.

Kipaza: Kusini waandike chao, kwani wamekatazwa kalamu? Chang ni wa Hawaii na aliwahi kuendesha lebo California, kina DJ Shadow. Kaandika anachokijua. Na rap ilianza na Sugarhill Gang 1979, mengine yote ni hadithi za vijiweni.

Kalamu Kavu: Sugarhill Gang? Kundi lililokusanywa na Sylvia Robinson, mwenye lebo, kule New Jersey, likaghani mistari ya Grandmaster Caz, mghani wa Bronx, bila hata kumtambua kama mtunzi? Hata kwenye santuri hawakuwa wa kwanza, bendi ya funk ya Fatback ilitangulia mwaka huohuo. Mkuu, rudi usome.

Kipaza: Nisome nini, hicho kitabu cha siasa?

Mchokonozi: Asante! Angalau mmoja kaona.

Kipaza: Sijakisoma. Nimesikia.

Santuri77: Kalamu Kavu bado hajanijibu mwangwi ulitoka wapi. Na asikimbilie New Jersey. Grandmaster Flash, DJ mwingine wa mwanzo wa Bronx, naye kazaliwa Barbados, huyo utasema alifundishwa na James Brown?

Kalamu Kavu: Barbados si Jamaika.

Santuri77: Visiwani ni visiwani.

Kalamu Kavu: Kamwambie hivyo Mbarbados, halafu uje utusimulie.