Miezi saba baada ya upasuaji wa moyo: ganzi, mlio kifuani na vidole vinavyosisimka

Mlezi_wa_Zamu
Wakuu, naulizia mgonjwa wa miaka 58. Miezi saba iliyopita alipasuliwa moyo: aliwekewa vali ya chuma kwenye aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), na hapohapo akaungiwa mishipa miwili, mmoja uliotolewa ndani ya kifua upande wa kushoto, mwingine mguuni. Vidonda vimefunga. Yaliyobaki ni haya: kushoto kwa kovu ngozi ina ganzi, lakini shati likigusa inachoma kama pilipili. Akijigeuza kitandani kifua kinalia "ka". Kifundo cha mguu upande wa ndani hakina hisia. Kidole cha pete na cha mwisho mkono wa kushoto vinasisimka. Usiku anasikia tiki-tiki ya vali. Yapi ya kuvumilia, yapi arudi nayo kliniki? Kwa sasa anapaka jeli ya diklofenaki kifua kizima.

Fizio_Kifua
Nianze na mlio, mengine yanaweza kusubiri. Mfupa wa kidari hukatwa katikati kwa msumeno, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma, mara nyingi 6 hadi 8, zinazobaki humo maisha yote. Kwa kawaida hushikana wiki ya 6 hadi ya 8, na kufikia miezi mitatu huwa umekaza. Mlio wa mwezi wa saba lazima uchunguzwe.

Mkalishe. Weka vidole vya mkono mmoja kulia kwa kovu na vya mwingine kushoto. Akohoe, ainue mkono mmoja mmoja juu, kisha azungushe kiwiliwili. Ukihisi pande mbili zinapishana, mfupa haujaunga au waya umekatika: arudi kwa waliompasua, apigwe CT skani, na kabla ya hapo asibebe kinachozidi kilo 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, watu husahau kwa kuwa "ni maji tu". Kama katikati pametulia na mlio unatoka pembeni, ubavu unapokutana na kidari, ni kiungo kilichovutwa kifua kilipopanuliwa. Kinakera, ila si hatari.

Ganzi inayochoma ina sababu yake. Mshipa wa kifuani hubanduliwa kwenye ukuta wa mbavu, na vineva vya pale huumia. Neva iliyoumia haileti hisia ya kawaida, halafu kitu kidogo tu kinaifanya ipige kelele. Mzoesheni: pamba laini, baadaye kitambaa, mwisho taulo kavu, dakika 5 mara tatu kwa siku, mkianzia ngozi yenye hisia nzuri kuelekea inayochoma. Msiruke hatua. Inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na kiraka cha ganzi kinaweza kubaki moja kwa moja.

Mguuni ni vilevile, neva inapita sambamba na mshipa uliotolewa. Kama ana kisukari, akague mguu kila jioni, maana maji ya moto hatayasikia. Vidole viwili ni neva za shingoni zilizovutwa kifua kilipotanuliwa. Nyingi hupona ndani ya miezi michache, kwa hiyo kwa miezi saba daktari aangalie nguvu ya kushika, na kiwiko pia.

Dozi_Sahihi
Fizio kamaliza ya mifupa. Mimi nina neno na hiyo jeli. Mwenye vali ya chuma yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na diklofenaki ikipakwa eneo kubwa inaingia kwenye damu na kuongeza hatari ya kuvuja damu. Aache. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni ndiyo kabisa. Parasetamoli inafaa, lakini akitumia gramu 2 au zaidi kila siku kwa siku kadhaa, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) hupanda, ipimwe mapema. Kuchoma kwa neva hakusikii sana parasetamoli. Daktari anaweza kumpa gabapentini dozi ndogo usiku.

Tiki-tiki ni vifuniko vya vali vikigonga, ni dalili njema. Ikififia au ikibadilika, hasa akiwa anahema, ni hospitali saa hiyohiyo: huenda damu imeganda kwenye vali.

Mlezi_wa_Zamu
Asanteni. Nimempima, katikati pametulia, mlio uko pembeni kushoto. Na joto likipanda?

Dozi_Sahihi
Ikifika 38 bila sababu inayoeleweka, msinunue antibayotiki duka la dawa. Aende hospitali siku hiyo na ataje vali, damu ichukuliwe ya kuotesha vijidudu kabla ya dozi ya kwanza. Mkitanguliza dawa, kipimo kinaweza kutoka safi na vijidudu viko kwenye vali.

Fizio_Kifua
Ongeza hili: maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa kidole na yakaongezeka ukibonyeza, mara nyingi ni ya ukuta wa kifua. Yanayokuja akipanda ngazi, yakabana kuelekea taya au mkono na kutulia akikaa, ni ya moyo hadi daktari aseme vinginevyo. Na ganzi ya ghafla ya mkono mzima, au mdomo kwenda upande, msiihesabu pamoja na vile vidole viwili. Huo ni kiharusi, kimbieni.