Mrejesho: Nimekimaliza kile kitabu cha Larsson

Ndugu zangu, salaam kutoka Arua. Wiki tatu zilizopita niliwauliza kama niendelee na The Girl with the Dragon Tattoo, riwaya ya upelelezi ya Mswidi Stieg Larsson, maana nilikwama kwenye habari za kesi na fedha, na ukoo wa Vanger una majina mpaka kichwa kinauma. Mkaniambia nivumilie. Asanteni sana! Nimekimaliza juzi usiku, umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu.

Kilichonishika ni picha. Harriet, msichana wa ukoo huo wa Vanger, alipotea mwaka 1966. Blomkvist, mwandishi wa habari anayechunguza kisa hicho, anapata picha za gwaride la siku ileile, anazipanga moja baada ya nyingine, na unamwona msichana akigeuka, uso unabadilika. Amemwona nani? Chai yangu ilipoa mezani.

Dada aliyenionya kuhusu mambo ya kikatili anayotendewa Lisbeth, binti anayemsaidia Blomkvist kuchunguza, na msimamizi wake wa kisheria alisema kweli. Nilikifunga siku mbili nzima. Lakini siamini yaliandikwa kwa kuburudisha watu. Kwa Kiswidi kitabu kilitoka 2005 kikiitwa "Wanaume wanaochukia wanawake", na sehemu ya kwanza inafunguliwa na takwimu kwamba asilimia 18 ya wanawake wa Uswidi wamewahi kutishiwa na mwanamume. Larsson alifariki 2004, hakukiona dukani. Hilo limeniuma.

Mambo ya fedha ya mwishoni yanarefuka mno, hapo sibadili kauli. Sasa natafuta kitabu cha pili cha mfululizo huo. Aliye Kampala akikiona kwenye vitabu vya mitumba, tafadhali anishtue.