Mdogo wangu wa miaka 16 kaingia mashindano ya taifa mita 100, mwalimu anataka akimbie kila kitu. Tufanyeje?

kaka_mtu

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa waliowahi kukimbia mbio fupi au wanaofundisha, manake hapa nyumbani hakuna anayejua kitu zaidi ya kupiga makofi.

Nina mdogo wangu wa kike, ana miaka 16, anatimiza 17 kabla mwaka haujaisha. Mwaka juzi alikuwa anakimbia tu shuleni kama wenzake, mwaka jana akaanza kuwaacha mbali, mwaka huu kashinda mchujo kwa sekunde 11.8 na kachaguliwa kwenda mashindano ya taifa ya vijana. Tangu siku hiyo nyumbani simu haipumziki, kila mtu anasema huyu ni wa timu ya taifa. Mwalimu wake kamwandikisha mita 100, 200, 400 na kupokezana vijiti, vyote ndani ya siku mbili. Anafanya mazoezi siku sita kwa wiki, siku nyingine anarudi anashika ukuta ndo apande ngazi.

Sasa kinachoninyima usingizi, wiki iliyopita usiku kaniita chumbani kwake akaniambia nyuma ya paja la kulia panavuta. Nimegusa kwa kidole tu, katikati pale, karuka. Kaniapisha nisimwambie mama wala mwalimu, anaogopa ataachwa. Na kuna mtu mjuajimjuaji hivi wa pale uwanjani kampa kopo la vidonge anasema ni vitamini za kuongeza nguvu, kopo lenyewe halina hata karatasi.

Maswali yangu: hiyo 11.8 ni ya kweli kweli? Apunguze mbio au amsikilize mwalimu? Na hilo paja, akikaza mpaka mashindano yapite kuna ubaya?

njia_ya_tano

Kaka hongera kwanza, mtoto anayewaacha wenzake ndani ya mwaka mmoja hivyo ana kitu. Mimi nimekimbia 100 na 200 miaka minane kwa hiyo nijibu la muda, mengine watakuja walimu.

Uliza kwanza ilipimwa kwa saa ya mkono au ya umeme. Kama walisimama watu na stopwochi basi ongeza 0.24, hiyo ndo desturi ya kulinganisha kwa mita 100, kwa hiyo 11.8 inakuwa kama 12.04. Halafu uliza mpimaji alibonyeza alipoona moshi wa bunduki au alipousikia mlio. Hili watu hawalijui, mpimaji amesimama mwisho, mita 100 kutoka kwenye bunduki, sauti inachukua karibu sekunde 0.3 kumfikia. Akisubiri mlio amemzawadia mkimbiaji sekunde 0.3 nzima, na kwenye mita 100 hiyo ni mita mbili na zaidi. Na upepo je? Ukizidi mita 2.0 kwa sekunde kutoka nyuma, muda hauhesabiki kwa rekodi. Gout Gout yule kijana wa Australia, Desemba 2024 akiwa na miaka 16 alikimbia 100 kwa 10.04 dunia nzima ikapiga kelele, ila upepo ulikuwa 3.4 kwa hiyo haikuingia kwenye vitabu. Kilichoingia ni 20.04 ya mita 200, upepo halali, akaivunja rekodi ya taifa lao ya Peter Norman, 20.06, iliyokuwa imekaa tangu Mexico City 1968.

Sisemi hayo kumshusha mdogo wako. Nasema kwa sababu akifika kwenye saa ya umeme akaona 12.2 atafikiri ameharibikiwa, atalia, na kumbe hajapoteza kitu, saa tu ndo imesema ukweli. Mwambieni mapema. Mimi hakuna aliyeniambia, nilipoona muda wangu wa kwanza wa umeme nilikaa chini ya jukwaa saa nzima sijavua hata spaiki, vile viatu vya misumari.

mwalimu_wa_bloki

Nafundisha vijana mbio fupi, ngoja niende kwenye paja manake ndo lenye haraka.

Ndugu yangu, panapovuta katikati ya msuli wa nyuma ya paja na pakiguswa mtu anaruka, hiyo si uchovu wa mazoezi. Uchovu unauma paja lote, na miguu yote miwili, na siku ya tatu unapungua. Hicho ulichogusa ni sehemu moja, mguu mmoja, na kina wiki. Huenda nyuzi za msuli zimeanza kuchanika kidogo. Kwa sasa hajakosa kitu, akipumzika na akatazamwa na daktari au mtu wa viungo anaweza kurudi wiki chache. Akikaza akaenda kwenye bloki (vile vyuma vya kuanzia mbio) hivyo, msuli utakatika akiwa kwenye kasi ya juu kabisa, kwenye mita ya 50 au 60 pale, utamwona anashika paja na kuruka kwa mguu mmoja. Hapo ni miezi. Na paja lililokatika mara moja linapenda kukatika tena palepale.

Kwa hiyo ahadi uliyompa ivunje. Najua inauma, mtoto kakuamini. Ila kaa naye umwambie unakwenda kusema, na uende naye, mseme pamoja kwa mama na kwa mwalimu.

Sasa kuhusu mbio nne. Piga hesabu ya mizunguko, mita 100 ina mchujo, nusu fainali, fainali. 200 hivyohivyo. 400 hivyohivyo. Kijiti juu yake. Mtoto wa miaka 16 anaweza kukimbia mara kumi kwa nguvu zote ndani ya siku mbili, na 400 ndo inayoua kabisa, mtu akiimaliza miguu inakuwa kama imejazwa maji, halafu umwite tena kwenye bloki saa moja baadaye? Mimi mwanafunzi wangu wa umri huo namwachia moja na kijiti, akizidi mbili. Walimu wa shule wanatafuta pointi za shule nzima, siwalaumu sana, wanabanwa na wao, ila pointi za shule zisilipwe na paja la mtoto.

Na mazoezi yenyewe. Anayerudi kila siku hawezi kupanda ngazi hafundishwi kasi, anafundishwa kuchoka. Kasi inajengwa mwili ukiwa mpya. Kwangu mtoto akikimbia mita 60 kwa nguvu zote anakaa dakika sita ndo arudie, wazazi wakija kuangalia wanadhani tunapiga soga. Siku mbili au tatu za hivyo kwa wiki zinatosha, zilizobaki ni mitindo, kuruka, kuimarisha mapaja na kiuno, na kulala. Kulala naandika kama zoezi, wakuu, si utani.

simba_wa_mbio

Mimi napingana kidogo na walimu hapo juu. Nafasi ya taifa haiji kila siku, wateuzi wanakaa jukwaani siku hiyohiyo na wanaandika majina. Usain Bolt alikuwa na miaka 15 tu mwaka 2002 alipochukua dhahabu ya dunia ya vijana mita 200 pale Kingston, kwa 20.61, dhidi ya watu wa miaka 18 na 19. Allyson Felix wa Marekani miaka 18 ana fedha ya Olimpiki mita 200, Athens 2004. Wangeambiwa pumzika mnadhani tungewajua? Mtoto akiwa wa moto mwache achome, hilo paja lifungwe bandeji akimbie hata 100 peke yake, majina yaandikwe, baadaye atatibiwa.

njia_ya_tano

@simba_wa_mbio nakuelewa mkuu na najua unamtakia mema huyo binti, ila hadithi ya Bolt usiikatishe pale 2002. Endelea nayo. 2004 akiwa na miaka 17 kakimbia 200 kwa 19.93, kijana wa kwanza wa chini ya miaka 20 kushuka chini ya sekunde 20. Kila mtu akamsubiri Athens. Akaenda na paja bovu, ndiyo, msuli wa nyuma ya paja, akatolewa raundi ya kwanza kwa 21.05. Dunia ikaja kumwona Bolt tunayemjua mwaka 2008 Beijing, 100 kwa 9.69 na 200 kwa 19.30, miaka sita baada ya Kingston, na hapo katikati ilikuwa ni kutengeneza mwili, mgongo wenyewe ulikuwa umepinda. Hata hiyo mita 100 kocha wake hakumpa mpaka 2007.

Na Ferdinand Omanyala wa Kenya? Alitokea kwenye raga, hakuwa bingwa wa vijana wa dunia, na ile 9.77 ya mita 100 pale Kasarani, Nairobi, rekodi ya Afrika, kaikimbia Septemba 2021 akiwa na miaka 25. Letsile Tebogo wa Botswana naye alikimbia 100 kwa 9.91 akiwa bado kijana, mashindano ya dunia ya vijana Cali 2022, ila dhahabu ya Olimpiki ikaja 2024 Paris, mita 200 kwa 19.46.

Halafu tuhesabu umri wa huyu binti. Madaraja yanapimwa kwa umri utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba. Atakuwa na 17, kwa hiyo mwaka huu ni chini ya miaka 18. Mwaka kesho anaingia chini ya miaka 20 na anakaa humo miaka miwili. Nafasi anazo, tena siyo moja.

dada_wa_kona

Naomba niseme kama mwanamke manake naona wote mmeruka hili.

Kaka_mtu, huyo ni msichana wa miaka 16, na kwenye umri huo mwili wetu unabadilika, nyonga zinapanuka, uzito unaongezeka, na kuna msimu au miwili muda unagoma kabisa kushuka hata ukifanya mazoezi yote. Mimi ulinigomea kuanzia 16 mpaka karibu 18. Mwalimu wangu wa wakati ule aliniambia nimenenepa. Nikaacha kula usiku. Miezi mitatu nilikuwa mwepesi kweli, nikashusha muda, kila mtu akanisifu, na hedhi ikakata. Nikafurahi, nikaona usumbufu umepungua! Hakuna aliyeniambia hedhi kukatika kwa mkimbiaji ni mwili unalia hauna chakula cha kutosha, na mifupa nayo inaanza kudhoofika. Nikawa napata maumivu mbele ya ugoko, sehemu ndogo tu kama shilingi, nikibonyeza nasikia mpaka kwenye meno. Nikanyamaza kama huyo mdogo wako anavyonyamaza. Ulikuwa mfupa umeanza kupasuka. Msimu mzima ukaenda, na wa pili nikawa naogopa kukanyaga.

Kwa hiyo tafadhali, kama wewe unaona aibu kuuliza basi mama au dada amuulize kwa upole, hedhi inakuja? Anakula vizuri asubuhi kabla ya mazoezi na baada? Kuna mtu kamwambia apungue? Na muda ukigoma mwaka kesho msiseme amelewa sifa au ameanza mambo ya wavulana. Nilisemwa hivyo na bado nakumbuka ni nani alisema.

mwalimu_wa_bloki

Dada_wa_kona asante sana kwa kuandika hilo, mimi mwenyewe nimechelewa kujifunza.

Na lile kopo, nilisahau. Asinywe hata kidonge kimoja. Kwenye riadha sheria ni kwamba kinachokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama ulidanganywa ni vitamini, hata kama ni mtu mzima alikupa. Kufungiwa kunaweza kuwa miaka. Ila kopo msilitupe, lihifadhini, na mmwambie mwalimu ni nani analigawa, manake huenda kawapa na wengine.

kaka_mtu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha siku nne.

Nilimwambia mdogo wangu kuwa nakwenda kusema. Alinuna, hakula na sisi siku hiyo, lakini asubuhi akaja mwenyewe akasema twende. Mama alishtuka zaidi ya kukasirika. Mwalimu nilidhani atafoka, alinyamaza kidogo halafu akamwambia onyesha, akamlaza kwenye nyasi akalibonyeza, akauliza tangu lini. Kisha akafuta 400 na 200 palepale kwenye daftari lake. Muda ulikuwa wa saa ya mkono kweli, na mpimaji alikuwa mwalimu wa darasa, anasema alibonyeza aliposikia mlio.

Daktari kasema msuli umejeruhiwa kidogo, haujakatika, wiki tatu asikimbie kasi, aanze kwa kutembea na mazoezi mepesi ya kuukaza taratibu. Mashindano yapo baada ya wiki tano. Bado hatujaamua 100 aende au asiende. Dada_wa_kona, mama kamuuliza lile swali lako wakiwa wawili jikoni, wamekaa muda mrefu, sijui walichosema ila tangu jana anakula asubuhi.

Kopo lipo kwa mwalimu. Kuna wasichana wengine wawili walikuwa nalo.

Mwalimu_wa_bloki swali la mwisho, hizo wiki mbili atakazobakiwa nazo kabla ya mashindano, unaanzaje kumrudisha kwenye bloki?

mwalimu_wa_bloki

Usimrudishe kwenye bloki kwanza. Wiki ya nne akimbie amesimama wima, mita 40, kwa kama robo tatu ya nguvu zake, siku moja ndiyo siku mbili hapana. Kila baada ya mazoezi na kesho yake asubuhi abonyeze palepale ulipogusa wewe. Pakiuma hata kidogo mnarudi nyuma. Pakiwa kimya wiki nzima, wiki ya tano anajaribu bloki mara tatu nne mita 20, halafu anapumzika. Na siku tatu kabla ya mashindano akimbie mita 60 moja kwa nguvu zote mwalimu akiangalia, akiipita bila kushika paja aende na hiyo 100 peke yake. Akishika, mmenunua tiketi ya kwenda kuwashangilia wenzake na mwaka kesho yumo. Kijiti mwachieni mwingine mwaka huu, ile kupokea unaanza kwa kurusha mguu ghafla huku unanyoosha mkono nyuma, ni mbaya kwa paja linalopona.

Nitumie ujumbe wiki ya nne ikiisha unieleze palepale panasemaje.