Mafundi wa Dodoma, acheni kusingizia spea: pistoni mnazifunga vibaya

Wakuu, heshima kwenu.

Kila injini ikitoka ovahoo (kufunguliwa na kufungwa upya) hapa mjini na kuanza kutoa moshi wa bluu, jibu ni lile lile: "Spea za siku hizi feki, bosi." Feki zipo, sikatai. Ila ifungue hiyo injini uone: ringi (pete ya pistoni) imegeuzwa juu chini, pistoni imeangalia nyuma, silinda ina mchanga. Na hayo kayafanya muuza spea?

Nianze na usafi, maana ndio unaoniudhi kuliko yote. Bloku imetoka kuchongwa na kupigwa honi (silinda kusuguliwa kwa jiwe), mnaimwagia petroli, mnapuliza upepo, mnafunga. Petroli inatoa grisi tu. Unga wa jiwe la honi unabaki kwenye michirizi ya silinda na unasaga ringi mpya tangu injini inapowashwa mara ya kwanza. Silinda inaoshwa kwa maji ya moto, sabuni na brashi, inasuuzwa, inakaushwa, halafu unapitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na weusi, osha tena. Kikitoka safi, paka oili papo hapo kabla kutu haijashika. Halafu kuna hawa wanaofunga pistoni chini ya mwarobaini mwezi wa nane, upepo wa Dodoma unavuma, bloku iko wazi, vumbi linatua juu ya oili mbichi. Nailoni ya kufunikia bei gani jamani?

Ringi sasa. Chukua injini ya 4A-FE ya Corolla, kipenyo cha silinda mm 81. Ni wangapi wanapima uwazi wa ncha za ringi? Ringi inaingizwa kwenye silinda peke yake, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili isikae upande, kisha unapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) katikati ya ncha. Kwa injini ya petroli ya kawaida isiyo na tabo, kadiria mm 0.04 kwa kila mm 10 za kipenyo. Hapo unapata kama mm 0.32 kwa ringi ya juu. Kitabu cha injini kikitaja kingine, fuata kitabu. Uwazi ukiwa mdogo mno, ringi inatanuka kwa joto, ncha zinagongana, inang'ang'ania ukutani na kukwangua silinda. Ukiukuta uko hivyo, sugua ncha kwa tupa laini, ukisukuma kutoka nje kuingia ndani, kidogo kidogo huku unapima.

Uwazi ukizidi sana, angalia saizi. Ringi STD (saizi ya kiwandani) kwenye silinda iliyochongwa kuongezwa mm 0.50 inaachia uwazi wa ziada wa mm 1.57 (zidisha 0.50 kwa 3.14). Halafu mnashangaa gari inakunywa oili.

Herufi au nukta iliyo kwenye ringi inaangalia juu. Ringi ya pili ndiyo inayogeuzwa sana, na ikigeuzwa, badala ya kukwangua oili kuishusha, inaipandisha. Kwenye ringi ya oili, ncha za ile springi ya kati zigusane, zisipandiane. Ncha za ringi zote zitawanywe, zisipangane mstari mmoja.

Mshale au nukta juu ya pistoni unaangalia mbele, upande wa taimingi. Pini ya pistoni nyingi haiko katikati kabisa, kwa hiyo ukigeuza, injini inagonga asubuhi ikiwa baridi. Na kama kichwa kina vishimo vya valvu visivyolingana, unatafuta msiba.

*

Jibu, fundi wa Nkuhungu: Mtoa uzi, umepiga kwenye mfupa, ila na nyie wenye magari mna yenu. Mtu anakuja na hela ya ringi tu, ukimwambia silinda imeliwa anasema unataka kumpiga. Na mbona hujagusa vifuniko vya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini)? Hapo ndipo injini zinanoki kabla hazijafika Mtera.

*

Mtoa uzi: Mkuu, la hela nakubali. Lakini pima silinda juu, katikati na chini, kila mahali pande mbili, umwandikie tajiri (mwenye gari) namba kwenye karatasi. Akikataa, usifunge. Ringi mpya kwenye silinda iliyopanuka juu na kuwa yai ni kutupa hela yake.

Vifuniko, kweli. Kila kifuniko kirudi kwenye konrodi yake na kwa upande wake. Piga namba kabla hujafungua. Boliti za konrodi zivalishe vipande vya mpira wa petroli, maana meno ya boliti yakichubua kranki, metali mpya (beringi ya konrodi) haiponi. Pistoni ikiwa ndani ya kibanio cha ringi, igonge taratibu kwa mpini wa nyundo. Ikigoma, acha! Ringi imechomoka chini ya kibanio, ukilazimisha umeivunja. Nati zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha injini hiyo, sio "nimesikia imekaza". Na kila pistoni ikishafungwa, zungusha kranki kwa mkono. Uzito ukiongezeka ghafla, kosa liko kwenye hiyo uliyofunga sasa hivi, itoe kabla hujagusa inayofuata.